Figo Moja, Upande wa Kulia

Hospitalini nilijibu kwa Kiarabu, lakini kuogopa niliogopa kwa Kiswahili. Ndiyo maana nakuandikieni kwa lugha hii, nyinyi mlioambiwa habari kama yangu na hamjalala vizuri tangu hapo.

Nina miaka ishirini na sita. Tunakaa Bawshar, hapa Maskati, mimi na mama yangu, aliyetoka Unguja na Kiarabu hakijui vizuri. Nadarizi abaya, mabuibui ya huku, na kuziuza kwa simu, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video. Mshono ukipinda kidogo naufumua wote. Nikikaa kwenye cherehani husahau maji kutwa nzima, na haja ndogo naibana mpaka nimalize ua ninalodarizi. Nilijiona mzima. Sikuwahi kulazwa.

Baada ya Idi nilianza kulipa siku ambazo sikufunga Ramadhani. Wengi husubiri Shaaban, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani nyingine. Mimi jambo lisilokamilika halinipi raha, na joto la Maskati nikalidharau. Alasiri moja maumivu yalinishika ubavu wa kulia, yakashuka hadi kwenye kinena. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi kwa nguvu zaidi. Nilitapika nyongo.

"Fungua, mwanangu," mama alisema, kashika gilasi ya maji. "Huna rangi."

"Matapishi yaliyonijia yenyewe hayabatilishi saumu."

"Nimekuuliza fikihi? Kunywa."

Nilikataa. Nilisubiri adhana nimelala sakafuni, shavu kwenye marumaru. Nilipofungua, maji hayakukaa tumboni. Nilipokwenda chooni, hakikutoka kitu. Nikafungulia bomba nisikie maji yakimwagika, kama anavyofanyiwa mtoto. Hata tone. Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekojoa. Hapo nikamwita mama anipeleke hospitali.

Hospitalini muuguzi alinitia mpira wa mkojo. Mfuko ulibaki mkavu. Daktari, mwanamke wa makamo, alipitisha kifaa cha ultrasaundi kulia, akapitisha kushoto, akarudi tena kushoto. Alibonyeza mpaka nikaumia.

"Umewahi kutolewa figo?" aliniuliza kwa Kiarabu.

"La."

"Una hakika?"

Nilipapasa ubavu wangu kutafuta kovu, kana kwamba ningeweza kusahau kitu kama hicho.

"Anasema nini huyu?" mama aliniuliza.

Daktari akageuka, akajibu kwa Kiswahili kabisa: "Nasema, mama, binti yako ana figo moja tu. Kazaliwa hivyo. Na hiyo moja imezibwa na jiwe."

Kumbe naye ni wa kwetu, Mwomani mwenye asili ya Zanzibar. Saa ile nilitamani asingekuwa, maana sasa mama alielewa kila neno.

Damu yangu ilikuwa imejaa taka. Potasiamu, madini ambayo figo huyapunguza, imepanda, na ikizidi, moyo unaweza kusimama. Niliusikiliza moyo wangu, kila pigo nikidhani ndilo la mwisho. Wakanitia ganzi mgongoni, wakapitisha mrija hadi ndani ya figo nikiwa macho. Sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa, na kule kusukumwa kulinitisha zaidi.

"Itaamka?" niliuliza.

"Tunasubiri," alisema daktari.

Mrija ulitoa damu, kisha maji mekundu. Mama aliutazama mfuko ule kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Siku ya pili rangi ikageuka njano, na mfuko ukajaa. Mama akalia.

"Sijapata kuona kitu kizuri namna hii," alisema. Muuguzi akacheka, na mimi nikacheka mpaka mrija ukaniuma.

Lakini mama hakutulia. Daktari alipokuja, alimwambia kwa sauti ndogo: "Mimi ndiye niliyemharibu. Mimba yake nilikula udongo. Nikiletewa kutoka Unguja, nautafuna kama peremende."

"Udongo si mzuri, mama. Lakini si huo uliochukua figo."

Akatueleza, nami baadaye nikasoma peke yangu mpaka nikaelewa. Mimba ikiwa na wiki kama tano, mtoto ni kama punje ya mchele. Kila upande kuna mfereji mwembamba, na pembeni yake fungu la chembe changa. Chembe zile hutoa vichocheo vya ukuaji, na vichocheo hivyo huuita mfereji. Mfereji hutoa chipukizi, likaelekea kule linakoitwa, likaingia na kutoa matawi. Nalo hutoa vichocheo vyake, kuziambia chembe zile zisife, zijenge vichujio. Mmoja asipoita, au mwenzake asipoitika, wote wawili hunyauka. Kwangu, upande wa kushoto hawakusikilizana.

"Basi nani kakosea?" niliuliza. Mimi lazima nijue kosa liko wapi.

"Hakuna," alisema daktari. "Wakati mwingine hurithiwa. Tuwapime na nyinyi, mama."

Mama alipanda kitandani akinung'unika kwamba yeye haumwi. Daktari alitazama kulia. Akatazama kushoto kwa muda mrefu. Nilijua kabla hajasema.

Mama ana figo moja. Ana miaka hamsini na nane, na amezaa watoto wanne. Ndugu zangu watatu walipimwa, kila mmoja anazo mbili.

"Afadhali sikujua," mama alisema njiani. "Ningejua, ningeogopa, nisingekuzaeni."

Jiwe lilitolewa wiki chache baadaye, na mrija pia. Damu yangu sasa ni safi. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyerudi kutazama kushoto mara ya pili, namshukuru mama. Nanyi, msibane mkojo. Maji yanyweni kabla ya kiu. Mkiambiwa na daktari msifunge, msibishane naye. Na mkiambiwa mna figo moja, ndugu zenu nao wapimwe.

Bado naogopa. Kila nikisubiri majibu ya damu vidole vinakuwa baridi. Mama alizaa hajui. Mimi nikijaaliwa nitazaa nikijua, na nitaogopa kila wiki, hasa ile ya tano.