Siku Mjumbe Aliponyang'anywa Koti

Watu wa kwetu Pwani hawamwambii mgeni shida yao akiwa amekaa. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, lakini sikulitia maanani mpaka nilipoajiriwa kuwa karani wa mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekwisha kupita Tanga na Korogwe nikiacha kazi moja baada ya nyingine, kwa sababu kila kazi ilitaka nikae mahali pamoja. Hii ilinifaa. Leo tuko Mbegani kwa wavuvi, kesho tumepanda lori kwenda Lugoba, wiki ijayo Ubena. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, na sidhani kama niliwahi kuamka na furaha kuliko asubuhi zile, nikitia upepo baiskeli mbili nyuma ya nyumba yake mjini Bagamoyo.

Mjumbe alikuwa Mzaramo wa makamo, mfupi, mwalimu wa zamani, mwenye miwani na koti jeusi alilolivaa juu ya kanzu hata jua liwe kali vipi. Vijiji vya karibu tulivifikia kwa baiskeli. Tukifika, mkeka unatandikwa, tunakaa, na maneno huwa yale yale.

"Habari za hapa?"

"Njema, bwana."

"Watoto?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

"Mna neno la kunituma Dar es Salaam?"

"Hatuna neno."

Hapo huletwa kahawa, tunakunywa, tunazungumza mvua na ndoa za watu. Kisha Mjumbe anainuka, anashika usukani wa baiskeli yake, na mtu mmoja anakohoa: "Ila kuna kajambo kadogo, bwana." Kajambo kenyewe huwa ni daraja lililochukuliwa na maji tangu masika ya mwaka juzi. Mjumbe anarudi mkekani, nami natoa daftari. Likiisha hilo anainuka tena, kwa makusudi, na safari hii neno hutoka uani. Wanawake hawakuja barazani. Walisikiliza nyuma ya ua wa makuti, na lao lilimpitia kijana au mume wa mtu. "Wanasema huko ndani, bwana, maji ya kisima yamekuwa machafu." Mjumbe aliniambia kuinuka kwa kwanza ni kwa wanaume, kwa pili ni kwa wanawake, na asiyeinuka mara mbili arudi zake kufundisha hesabu.

Siku moja yeye mwenyewe aliinuka mara moja tu.

Ilikuwa kwenye kitongoji kimoja upande wa bondeni, nyuma ya mji, walikokaa Wanyamwezi ambao babu zao walifika Pwani na mizigo ya misafara wakabaki. Bwana Shauri, ofisa wa serikali wilayani, alitaka kujua kama watu wa pale wana pingamizi lolote, kwa sababu shamba la mkonge la jirani liliomba kusogeza seng'enge yake mpaka chini bondeni. Mjumbe aliuliza. Wanaume wakasema hatuna neno. Kweli mihogo yao ilikuwa upande mwingine kabisa. Akainuka, akashika baiskeli, na mvua ikaanza kumwagika. Tukapanda, tukakimbia. Kesho yake nilipiga taipu barua ya mistari minne: wananchi wameulizwa, hawana pingamizi. Aliitia sahihi huku anakunywa chai.

Tulirudi pale baada ya miezi miwili hivi, katika mzunguko wa kawaida. Kulikuwa na joto, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mjumbe akivua koti na kulitundika kwenye usukani. Hata salamu hazijaisha, mwanamke mmoja mzee akatoka uani, akapita katikati ya wanaume kama anayekwenda zake kuchota maji, akalichukua koti, akalivaa.

"Shikamoo, bibi," Mjumbe akasema.

"Marahaba yangu utaipata baadaye. Nilisikia umekufa, mtani. Nikasema ashukuriwe Mungu, Wazaramo wamepungua mmoja."

"Nimekufa, ndiyo. Nimerudi kudai koti langu la kuzikiwa."

"Koti limekamatwa. Mzaramo haji kwa Wanyamwezi akarudi na ngozi yake."

Watu walicheka mpaka mkuu wa kitongoji akafuta machozi. Msomaji wa siku hizi huenda ataona ni utovu wa adabu, lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo. Mtani akikamata kitu chako humkasirikii wala humshitaki, unakikomboa. Mjumbe akatoa shilingi ya ugoro. Bibi akaitazama bila kuipokea. Mjumbe akaongeza ya pili.

"Weka pesa zako, wewe marehemu. Nataka miguu yako. Nifuate."

"Bibi, nina lori la Lugoba saa sita, na hotuba yangu imo humo mfukoni."

Bibi alitia mkono mfukoni, akaitoa hotuba, akaigeuza juu chini. "Ina maneno mengi. Yatasubiri."

Basi tukamfuata, yeye mbele na koti jeusi lililomfika magotini, Mjumbe nyuma yake na kanzu tupu, mimi na daftari, na wanawake saba au wanane wakitoka ua mmoja mmoja kuungana nasi. Tulishuka bondeni mwendo wa nusu saa mpaka tukakuta seng'enge mpya, nguzo bado nyeupe, na mlinzi wa shamba amekaa kwenye kivuli cha kibanda. Ng'ambo ya seng'enge, hatua thelathini tu, kulikuwa na mashimo ya udongo wa kijivu, mapana, yaliyochimbwa miaka mingi.

"Hapo ndipo tunapochimba," bibi akasema. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Vyungu vyote unavyoviona soko la Bagamoyo vimetoka hapo. Mama yangu alichimba hapo. Hawa wote wanakula kwa hapo."

"Hakuna udongo mwingine?"

Aliokota bonge la udongo mwekundu miguuni petu, akalitia maji kidogo, akalisokota kama mkia wa panya, akalikunja. Likapasuka mara tatu. "Huu ukiuingiza motoni unalia. Asubuhi unazoa vigae. Tumejaribu miezi miwili."

Mjumbe akamgeukia mlinzi. "Nani kasema wasipite?"

Mlinzi alikuwa mtu mpole, alisimama. "Ni amri, bwana. Tulisomewa barua. Imesema Bwana Mjumbe aliwauliza watu, hawana pingamizi."

Nilitazama daftari langu kana kwamba kuna kitu cha kusoma.

"Ulituuliza lini?" bibi akasema.

"Niliuliza baraza."

"Baraza linafinyanga vyungu?"

Mjumbe akamwambia: "Siku ile sikuinuka mara mbili, bibi. Mvua ilinikimbiza." Sikufikiri angeelewa, lakini bibi alielewa vizuri kabisa, maana ndiye aliyekuwa nyuma ya ua siku ile, na neno lake alikuwa amekwisha kumpa mume wa jirani alitoe. Alivua koti pale pale, akamrudishia.

"Nimekupa. Sasa niambie utafanya nini."

"Naenda kusema nilikosea."

Lori la Lugoba lilituacha. Mchana ule ule tulikwenda kwa meneja wa shamba, Mgiriki mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alituletea viti barazani na kuitoa barua yetu kwenye faili bila kuulizwa. Alizungumza Kiswahili cha mashambani, chenye haraka.

"Wewe nasema hakuna pingamizi. Sahihi yako hii."

"Ni yangu. Nilikosea. Niliwauliza wanaume habari ya mali ya wanawake."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku hiyo, bandarini, relini, ofisi za serikali, na neno lile, "nilikosea", nililisikia mara chache sana, na kamwe sikulisikia tena likisemwa mbele ya karani. Meneja naye hakulitegemea. Aliitazama barua, akamtazama Mjumbe. Alieleza kwamba seng'enge haiwezi kurudi nyuma, imekwisha pimwa na kusajiliwa, na bondeni anataka kupanda. Mjumbe akasema hataki seng'enge irudi, anataka mlango. Meneja akasema mlango utaleta mbuzi. Mjumbe akasema wafinyanzi hawachungi mbuzi kwenye udongo. Wakabishana hivyo, bila hasira, hadi Alasiri. Mjumbe akaomba maji ya kutawadhia na mpishi akayaleta kwenye mtungi wa kijivu, rangi ya udongo ule wa bondeni. Meneja aliutazama mtungi ule, akacheka kwa sauti yake ndogo, akasema basi, siku mbili kwa wiki, asubuhi, na mashimo yasipandwe.

Ilibaki kumwandikia Bwana Shauri. Hatukungoja kesho; barua niliipiga taipu jioni ile ile, na Mjumbe alisimama nyuma yangu akinitajia maneno. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na sentensi ya mwanzo ilisema kwamba barua iliyotangulia haikuwa sahihi na kosa ni la mwandishi wake. Niliuliza kama tuseme "kulitokea kutoelewana". Akasema hapana, watu walielewana sana, yeye ndiye aliyekimbia mvua. Bwana Shauri alichukua wiki tano kujibu. Katika wiki hizo bibi alituma salamu mara tatu, kila mara akiuliza kama mtani wake amezikwa tena.

Jibu la kukubali lilipofika, Mjumbe alikuwa Dar es Salaam barazani, kwa hiyo nilipeleka karatasi mimi. Nilifika bondeni jua linachomoza. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa mbele ya seng'enge na vikapu na majembe, wengine na watoto mgongoni. Mlinzi alinitaka nimsomee mara mbili, akafungua mlango wa miti uliowekwa na shamba wiki ile.

Bibi aliingia wa kwanza. Aliondoa udongo wa juu kwa jembe, akautupa, maana ulikuwa umeota nyasi miezi yote ile, akachimba mpaka kiunoni. Kisha akapiga magoti, akachukua kidogo, akausokota mkia wa panya, akaukunja mpaka ncha zikakutana. Haukupasuka. Akawaambia wenzake waanze, masika yako karibu na vyungu havikauki kwenye mvua.

Walichimba mpaka saa nne wakizungumza habari za harusi moja ya Mbegani. Walipotoka na vikapu kichwani, mlinzi akamsogelea bibi akasema mke wake anahitaji chungu cha kupikia wali, kikubwa, chenye mfuniko.

"Una zamu ya kumi na mbili," bibi akamwambia, akapita.