Nilimshukuru Mungu kanisani juu bwana yangu anarudi, sasa siwezi kusema ukweli

Nawasalimu wote munaosoma hapa. Jina langu mulifiche tafazali, juu kanisa letu ni dogo na watu wanajuana. Niko mama wa miaka makumi ine na mitatu, niko na watoto watano. Shule niliiacha mwaka wa ine, basi musicheke maandishi yangu. Tulikimbia vita kutoka milima ya Masisi, sasa tunapanga hapa mujini, mutaa wa Mabanga, mu nyumba ya mbao, na ninauza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, mbele ya mulango.

Bwana yangu alibaki nyuma na ng'ombe za bosi yake. Alituambia, "Mutangulie na batoto. Mimi nitawafuata na barabara ya Sake. Ng'ombe haipandaki pikipiki." Tulicheka, tukaenda. Kisha hapo miezi munane sikusikia sauti yake.

Kitu kilichonisimamisha ni chumba cha maombi cha wamama, kila Jumatano. Karibu wote tumepoteza mutu, na tuko na desturi yetu: hakuna mama anayeombea mutu wake mwenyewe, juu utalia tu, maombi haitaisha. Kwa hiyo tunabadilishana. Majina iko mu kaye moja, daftari yetu, na kando ya kila jina tunaandika mama anayemubeba mu maombi. Mimi nilipewa kijana wa Mama Esta (si jina lake la kweli), aliyepotea njiani siku walipokimbia. Yeye akapewa bwana yangu. Alimuombea kuliko vile mimi ningeweza. Kuna siku nilikuja sina nguvu hata ya kuimba, nikamusikia anamutaja bwana yangu mbele ya Mungu kama kaka yake wa tumbo moja, nikarudi nyumbani nikapikia watoto.

Siku moja telefone ililia, namba siijui. Mutu akasema, "Mama, bwana yako tumemuona muzima, iko mu njia anakuja," ikakatika. Nilikimbia kwa pasta. Akaniambia, "Usingoje mupaka afike. Simama Jumapili, ushukuru mbele. Imani njo inatangulia." Nikasimama. Kanisa lote lilicheza. Jumatano wamama wakafungua kaye wakakata jina lake, juu Mungu amekwisha kujibu. Mama Esta akanikumbatia: "Bwana yako alikuwa muzito mama, nimemubeba miezi munane, hata mugongo iko inaniuma. Akifika aniletee fromage, ile jibini ya Masisi, njo mushahara yangu." Tangu siku ile Mama Esta, aliyekuwa anakula kama ndege, akaanza kula. Akafua mashati ya kijana wake, akayapiga pasi. Anaambia kila mutu, "Kama Mungu amefika kwa mwenzangu, kwangu hayuko mbali."

Juma mbili zikapita, bwana hafiki. Kisha muzee mumoja, jirani yetu wa kule kijijini, akanikuta ninatwanga sombe. Aliomba maji, akakaa. Akasema, "Mama, bwana yako alikufa, tukamuzika siku ile ile. Mimi mwenyewe nilishika jembe." Nikamuuliza siku gani. Akasema Alhamisi ya juma mbili zilizopita. Nikahesabu: siku moja tu baada ya jina lake kukatwa mu kaye. Hakuna mutu aliyekuwa anamuombea. Najua Mungu hahesabu vile. Lakini moyo wangu unahesabu, siwezi kuuzuia.

Nilimusihi muzee asiseme kwa mutu. Sijafanya kilio, sijakaa chini kama mujane. Watoto wakiuliza juu ya macho yangu, nasema ni moshi ya makala ya kupikia. Kila Jumapili watu wananisalimia, "Mama, papa amefika wapi?" Nami najibu, "Iko mu njia." Mudomo wangu unasema uongo mu nyumba ya Mungu.

Nilimuambia pasta peke yake. Alishika kichwa, akasema, "Mama, nilikusukuma mimi. Lakini wamama bado ni zaifu. Ukisema leo, wangapi wataanguka? Tungoje kwanza." Sikumukasirikia. Naye pasta, kaka yake hajulikani alipo. Lakini kungoja mupaka lini?

Imani sijaiacha, nisiwadanganye. Kila Jumatano nabeba kijana wa Mama Esta na nguvu yote iliyobaki, naogopa hata kusinzia. Ila sasa yeye mwenyewe amekuja kwangu anang'aa. Anasema Jumapili hii atasimama kumushukuru Mungu mbele juu ya mutoto wake, kama nilivyofanya mimi. Hakuna aliyemupigia telefone. Ananiangalia mimi tu. Akaniambia, "Usimame na mimi, unishike mukono, nisitetemeke." Nikaitika.

Nikimuambia ukweli mbele siku ile haijafika, naogopa atarudi kwa kutokula, na jina la kijana wake litakuwa kama nimelikata mimi. Nikinyamaza, watakata lile jina mu kaye, na hakuna atakayemubeba tena, na pengine kijana yuko hai anahitaji maombi.

Wamama wenzangu, wapapa, wenye kumujua Mungu kuliko mimi, mimi nimeshindwa. Niende nimuambie Mama Esta mbele ya Jumapili, ao nisimame nimushike mukono?