Hoki kwenye Sakafu ya Kahawa

Kaa hapa karibu, rafiki yangu, nikusimulie. Mwaka huu, vakansi kubwa, zile likizo ndefu za shule, zilipoanza, nilimpeleka binti yangu kwenye kambi ya hoki, na tulipofika getini nikasimama ghafla. Sikuwa nimechoka. Nilisikia magongo yakigonga saruji, ka, ka, ka, na papo hapo nikawa tena yule mtoto mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na moyo wangu ukajaa kitu ambacho, nikikwambia kweli, hakikuwa furaha.

Kambi yenyewe ilikuwa maajabu ya mtaa. Kijana wa kwetu aliyekulia ng'ambo, nchi ya baridi, alirudi na magunia ya magongo, kofia ngumu na viatu vya magurudumu, eti awafundishe watoto wa Bunia hoki ya barafu. Barafu sisi tunaijua ile ya kwenye vifuko, watoto wanaifyonza jua likiwaka. Lakini kocha alisema saruji laini inatosha, na saruji laini mtaani kwetu ni moja tu: sakafu ya zamani ya kuanikia kahawa.

Ile sakafu naijua kuliko kitanda changu. Zamani wafanyabiashara walimwaga kahawa pale, wanawake wakaigeuza kwa reki za mbao tangu asubuhi, na harufu yake ilikuwa nzito, chachu kidogo, inakufuata mpaka kwenye blanketi. Jioni kahawa ikishakusanywa, sakafu ilikuwa yetu. Tulikata duara kutoka kandambili iliyochakaa, tukachukua fimbo zilizopinda, tukapigania kile kiraba mpaka mama zetu waite majina yetu kwa hasira. Hatukujua kama mchezo ule una jina.

Nililelewa na koko, mama ya mama yangu, aliyeuza maziwa akipita nyumba kwa nyumba. Kabla ya kucheza ilibidi nichote maji, nifagie kiwanja, nitwange sombe, majani ya muhogo, mpaka mikono inukie. Koko hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipoona nacheza na kuni, alikata tawi la mpera, akalipasha juu ya moshi siku nzima, akilipinda polepole, halafu akalipaka mafuta ya ng'ombe. Hapakuwa na fimbo kama ile mtaa mzima. Na mimi, nisijisifu sana, hapakuwa na mvulana wa kuninyang'anya kiraba.

Halafu akaja moniteri. Alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni, amewekwa kuangalia watoto wakati wa vakansi. Alitupanga kwa mistari, akatengeneza timu, akasema sasa mchezo umekuwa wa maana na wasichana watoke. Wengine walitoka. Mimi nilibaki nimesimama. Alininyang'anya fimbo yangu, akaivunja kwenye goti lake, akaisukumia chini ya sufuria ya maharage ya wavulana. Mti wa mpera ukiungua unanukia vizuri, ulijua hilo? Nilisimama nikinusa.

Koko alipojua, alijifunga kitenge kipya akaenda kumwona. Nilimfuata nyuma. Moniteri hakumpa hata kiti. Alimwacha getini, akapiga filimbi watoto wote wageuke, akasema kwa sauti, "Mama, uko unanuka maziwa. Rudi nyumbani, ufundishe uyu mutoto kupika."

Watoto walicheka. Hata rafiki zangu. Koko aligeuka, akashika njia ya nyumbani. Tangu siku ile hakupita tena mtaa ule na maziwa yake. Alizunguka mbali, upande wa mto, mpaka uzee ukamweka chini. Hicho ndicho nilichobeba, rafiki yangu. Fimbo ningeisahau.

Basi nilijifunza kupika. Leo nina malewa yangu, kibanda cha chakula, karibu na soko, watu wanakaa kwenye mabenchi yangu tangu asubuhi wanangojea sombe na samaki wa ziwani. Wazazi wa kambi walipokutana, wote walikubali kwamba chakula cha watoto kitatoka kwangu. Na nani alikuwa mwenyekiti wa kile kikao? Yeye. Moniteri, sasa muzee mwenye tumbo na kofia ya manyoya. Wafanyabiashara wa kahawa walipoondoka alinunua ile depo yao ya kahawa, sakafu na vyote. Alinitazama bila kunitambua.

"Vijana watacheza," alisema. "Mabinti watamusaidia uyu mama mu jikoni."

Kocha alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Muzee, binti yangu atacheza. Mabinti wote watacheza. Kama haiko vile, miye nabeba sufuria zangu leo leo, na weye utapikia watoto."

Wazazi waliangua kicheko. Baba mmoja akaita, "Muzee, ugali unajua kusonga?" Muzee akakubali kwa kutikisa kichwa. Kicheko kile kilinishukia tumboni kama chai ya moto. Nilitaka zaidi.

Ukiwa mzazi kwenye kambi ya namna ile, unajifunza mambo. Unajifunza kufunga kamba za viatu vya magurudumu huku mtoto anateleza. Unajifunza kutofunika macho anapoanguka. Binti yangu alianguka kwa kila upande wa mwili, akarudi nyumbani na magoti mabichi, nikamwosha kwa maji ya chumvi huku nikimsimulia habari za koko na moniteri. Kila asubuhi nilimsimulia tena. Nilitaka aende na hasira yangu kama mtu anavyompa mtoto kibuyu cha maji.

"Mama," aliniambia siku moja, mdomo umejaa kikwanga, mkate wetu wa muhogo, "miye nachezaka juu ya furaha tu. Iyo kasirani ni yako."

Alisema bila ubaya. Lakini aliniachia mzigo wangu, ndivyo nilivyoelewa.

Siku ya kufunga kambi walikuja wageni, viti vya plastiki vikapangwa kivulini, muzee akakaa katikati. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo binti yangu afunge bao mbele ya macho ya muzee. Hakufunga. Timu yake ilishindwa. Alikosa nafasi mbele ya lango tupu, akaanguka chali, akacheka mpaka kofia ikamtoka, na kocha akamvuta kwa gongo kama mkokoteni. Uwanja mzima ulicheka naye. Niliyenuna ni mimi peke yangu.

Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Niligawa chakula mwenyewe. Wasichana kwanza, wavulana baadaye, halafu wazazi, halafu wageni, mpaka dereva wa wageni. Muzee alingoja. Alituma mtu, nikasema bado. Alikuja mwenyewe, sahani mkononi, watu wote wakitazama. Nikachukua mwiko, nikakwangua chini ya sufuria, pale maharage yalipoungua meusi, nikamwekea.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nilikukosea nini?"

Nikamwambia. Sikupunguza sauti. Nilimwambia habari za muuza maziwa aliyesimama getini pale pale, na maneno aliyopewa, na njia ndefu ya upande wa mto aliyoizunguka mpaka kufa. Kocha aliinamisha macho. Watoto waliacha kutafuna.

"Sikumbuki," alisema muzee. Akavua kofia yake. "Kama nilifanya vile, unisamehe."

"Kula, muzee. Chakula kinapoa."

Alikula. Amesimama, hakuna aliyempa kiti, nikihesabu kila tonge kwa macho. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nisikudanganye kwamba nilimhurumia. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kupika, na sikukionja.

Sasa kocha amerudi kwenye baridi yake. Muzee ameuza depo, mafundi wamepasua ile saruji kwa nyundo, wanajenga maduka. Kahawa hainukii tena mtaani. Binti yangu anacheza barabarani na wenzake, wanakimbia pikipiki zikipiga honi. Muzee tukikutana sokoni ananisalimia kwanza, nami naitikia, basi. Sijamsamehe, usifikiri hivyo.

Lakini kuna jambo sikulitegemea. Miaka yote ile nilikuwa naamka na ile hasira, nawasha nayo moto, nasonga nayo ugali. Ndiyo iliyonishikia vizuri sura ya koko, kitenge chake, mwendo wake tukirudi nyumbani. Siku ile ilishiba, ikalala. Sasa asubuhi nakaa kitandani nikiitafuta, naona giza la chumba tu, na uso wa koko unanijia taratibu, umefifia pembeni, nami sijui tena nimshike kwa kitu gani.