Bwana Posta na Koti la Babu

Juzi kiti cha plastiki kilivunjika dukani kwangu. Kilitoa ule mlio wake, kwaa, kama bua la mhindi likivunjwa gotini, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri foleni ya mpaka akaenda chini na soda yake mkononi. Watu wakacheka. Yeye akainuka anakitukana kiti, akawatukana na waliokitengeneza. Nikamwambia, "Mwanangu, hujaumia. Ila kuanguka hujui."

Alidhani namdharau. Sikumdharau. Mimi kuanguka nilifundishwa na fundi, tena Mwingereza, ambaye hakuwahi kujua kama nipo duniani. Kazi ile niliyoifanya kwa mafunzo yake najivunia kuliko hata duka hili, na duka hili la Tunduma nimelijenga mwenyewe kuanzia debe moja la maharage. Kwa hiyo mnisikilize.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya shaba huko Zambia. Alipostaafu alijenga Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, ambako jogoo akiwika, huku Tunduma wanaamka. Wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na televisheni, deki ya video, jenereta na sanduku zima la kanda. Jumapili baada ya ibada mama alikuwa anatuvusha, tunajipanga kwenye mkeka sebuleni. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli na ya vumbi linaloungua nyuma ya televisheni kuukuu, mgongo wangu unanyooka wenyewe, nasubiri mchezo uanze.

Kanda nyingi zilikuwa za bwana mmoja. Mwembamba, masikio makubwa, kichwa kama yai la bata. Jina lake halisi mjomba alikuwa analitamka, lakini sisi halikutukaa mdomoni, tukamwita Bwana Posta, maana katika mchezo tuliouangalia zaidi alikuwa karani wa posta ya kijiji cha kwao. Kiingereza hatukujua. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hata mwalimu wetu Kiingereza alikuwa anakiendea kwa kunyata. Haikudhuru kitu. Bwana Posta alikuwa anasema kwa mwili.

Alikuwa na kiti kibovu, na kila siku alijua ni kibovu. Anakuja, anavua kofia, anakipangusa kwa ile kofia taratibu, mbele, nyuma, pembeni. Halafu anatazama huku na huku aone nani anamwona. Ndipo anakaa, kama chifu. Kiti kinakwenda, naye anakwenda nacho. Lakini uso, jamani, uso haubadiliki! Akiwa kule chini anaendelea kugonga muhuri barua za watu kana kwamba sakafu ndiyo ofisi aliyopewa na serikali.

Mjomba alikuwa anacheka mpaka kikohozi cha mgodini kinampanda, na Kibemba chake cha heshima kinamtoka. "Mwangalieni, mukwai! Waliopigana zamani ndio huwa watani baadaye. Hawa walitutawala, basi huyu ni mtani wetu. Mchekeni bila hofu!"

Nilimcheka, lakini pia nilimsoma. Ndugu zangu walikuwa wanasubiri aanguke. Mimi niligundua kwamba hachekeshi pale. Anachekesha kabla, pale anapopangusa, maana pale wewe unajua na yeye anajua, na bado anakaa. Nikawa najifunza kuanguka nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya maharage, mpaka makalio yakapata alama. Mama akaniangalia akasema, "Huyu ataolewa na nani?"

Sasa Babu, mzaa baba, alikuwa anaishi kijijini Itaka na shamba lake la kahawa. Mtu mfupi, sauti nene, kajaa fahari. Alikuwa na koti zito la kahawia ambalo alilivaa hata juani, na hakuna kiti alichokalia kabla ya kukipangusa kwa kofia na kuangalia kama kuna mtu amekaa juu kumpita. Mara ya kwanza nilipomwona Bwana Posta akifanya vile nilisema kwa sauti, "Babu!" Wakanicheka.

Babu akafa. Kwetu babu na mjukuu ni watani, tena utani wao hauishii kaburini. Babu akifa, wajukuu wanavaa nguo zake, wanamwigiza, wanatangaza tabia zake mpaka waombolezaji wanashika mbavu, kisha wanapewa kitu cha marehemu. Lakini safari ile mzee mmoja wa kanisa alikuwa ametangaza kwamba huo ni upagani, asiuone. Binamu zangu, wale wanaume wenye midomo, wakanywea. Tukazika kimya, tukarudi kimya.

Bibi alikaa kwenye mkeka akiuangalia ukuta. Tangu Babu akate roho hakuwa ametia kitu mdomoni, wala hakulia. Shangazi anampelekea uji, anarudi nao vilevile. "Mama, walau funda moja." Ukuta ungejibu kabla yake. Na pale jikoni nikamsikia mama mmoja akisema chinichini, "Huyu anamfuata mumewe." Mimi mtoto sikulichukua kama msemo. Nilielewa kwamba Bibi anaondoka, na watu wazima wote wanamwangalia tu.

Nikaingia chumbani. Koti lilikuwa kwenye msumari. Nililivaa likanifika vifundoni, linanuka moshi, tumbaku na kahawa mbichi, linanuka Babu mzima. Nikachukua kofia, nikabeba kigoda cha jikoni chenye mguu mbovu, nikatoka nacho mpaka katikati ya watu.

Mzee wa kanisa akasimama. "Huyu mtoto wa nani?"

Nikaishusha sauti mpaka tumboni. "Wa kuniuliza hivyo ni wewe? Uliyekuja kwangu kuomba miche ya kahawa, ukaiacha ikakauka?"

Mtu mmoja akaguna, akajiziba mdomo. Shangazi akashika fimbo. Mimi sikumwangalia. Nikavua kofia, nikakipangusa kigoda, mbele, nyuma, pembeni, polepole, polepole zaidi ya Bwana Posta mwenyewe. Nikatazama huku, nikatazama huku. Nikakaa kama chifu. Mguu ukakatika, nikaenda chini na koti lote likanifunika mpaka masikioni. Niliumia, msidanganyike. Lakini uso sikuubadilisha. Nikiwa palepale chini nikasema, "Nani ameacha mbuzi kwenye kahawa?"

Shangazi akaanza kunijia na fimbo yake. Nilidhani nimekwisha.

Halafu kutoka kwenye mkeka ukaja mlio ambao sikuujua kama ni kilio au nini. Bibi alikuwa amegeuka, ameuacha ukuta. "Ndiye!" akasema. "Jamani, ndiye huyu mzee wangu! Mbuzi kwenye kahawa, mbuzi kwenye kahawa, maisha yangu yote!" Akacheka, machozi ndiyo yakapata njia, akawa anacheka na kulia, anapiga mkeka kwa kiganja. Alipopumua alimwita shangazi: "Leteni huo uji kabla huyu mzee hajaumaliza."

Akaunywa wote. Mzee wa kanisa alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Koti nikapewa mimi.

Nilikua, nikafanya biashara, na Bwana Posta sikumwacha. Kwenye kibanda cha video cha hapa Tunduma nilimwona akiwa mpishi wa meli, nikamwona akiwa askari mpelelezi, nywele zimeanza kumkimbia. Nilipoweka dishi nikamkuta ni mzee, kwenye filamu ya huzuni, babu asiyesema sana. Wateja wangu wakawa wanasubiri aanguke. Hakuanguka. Alipangusa kiti, akatazama huku na huku, akakaa. Dukani watu wakasahau soda zao. Nikawaambia, "Mnamwona fundi?"

Binti yangu aliwahi kumkuta kwenye simu akihojiwa, akanitafsiria. Bwana Posta alisema ule upangusaji wa kiti ni wa baba yake, fundi viatu mwenye kujisikia. Baba alipokufa yeye akautia kwenye michezo ili usipotee. Nikakaa chini. Kumbe siku ile Itaka Bibi hakucheka kwa sababu nimeanguka. Kuanguka hata yule dereva wa lori anaanguka. Alicheka kwa sababu mumewe aliingia pale uani dakika moja, akatazama huku na huku. Na yule Mwingereza alikuwa amefanya kazi hiyohiyo miaka yote, dunia nzima ikidhani anaichekesha tu.

Wiki hii mjukuu wangu amekuja na simu. "Bibi, yule Mzungu wako amekufa."

Mtani hakai tu na simanzi. Nilitoa koti sandukuni, nikalivaa, nikaazima kofia ya mteja mmoja, nikavuta kiti kizima katikati ya duka.

"Bibi, usianguke! Nyonga hiyo!"

"Nyamaza, tazama."

Nikapangusa. Nikatazama huku na huku. Nikakaa, na kiti kikanibeba. Mjukuu akacheka, kisha nikamwona ananikazia macho, ananisoma kama nilivyosoma mimi.

"Koti hili ni lako siku yangu ikifika," nikamwambia. "Hao wazee wa kanisa usiwaogope. Ila pale pa kutazama huku na huku usipaharakishe. Ndipo tulipo."