Namba ya Muda Iliyomponza Mjomba

Nilisikia kelele za "mwizi!" kabla sijashuka kwenye pikipiki, nikasema moyoni, leo kuna mtu anakiona cha mtema kuni. Ilikuwa siku ya gulio Mlali, nami nimetoka mjini kumpelekea mjomba dawa ya nyanya. Nilipopenya katikati ya watu nikamkuta mwizi wao. Alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, amelala kifudifudi juu ya nyanya zake mwenyewe.

Walikuwa wanampiga kwa mipini ya majembe. Mpini ukitua mbavuni unatoa sauti ya kipekee, na ukishaisikia hutaisahau. Mwanamke anayeuza naye jirani kila gulio, ambaye huwa anamwachia mtoto wake amwangalizie, alimrushia tofali. Nikamvuta khanga nikampiga kofi. Hadi leo sijamwomba radhi, na sitamwomba.

"Amefanya nini?" nikapiga kelele.

"Muulize huyu," mtu mmoja akaniambia, akinionyesha kijana aliyekumbatia laptop. Kijana naye akanisogezea kioo usoni. "Ushahidi huu hapa, dada. Namba haidanganyi."

Siku moja kabla, dereva wa pikipiki alivamiwa barabarani, akakatwa panga la bega, wakaondoka na chombo chake na simu. Kijana huyu, aliyesomea kompyuta mjini, akawaahidi sungusungu, walinzi wa kijiji, kwamba atamnasa mwizi. Akachomeka antena ndogo kwenye laptop, akawa anaipigia simu iliyoibwa na kukata, anapiga na kukata, huku akitazama mnara unaita namba gani hewani kila anapopiga. Akaipata. Asubuhi sungusungu wakakusanya simu za wafanyabiashara, naye akawa anazifungulia ukurasa wa mafundi unaoonyesha namba hiyo na kusoma. Kitochi cha mjomba, kisimu chake cha vitufe, kikatoa namba ileile.

Mimi kazi yangu ni mitambo ya simu. Ile namba naijua. Kila laini ina namba yake ya kudumu, lakini mtandao hautaki kuitamka hewani ovyo, maana anayesikiliza angeweza kumfuata mtu popote aendapo. Basi unaipa laini namba ya muda. Ni kama chumba cha gesti: leo umelala wewe, ukiondoka anafunguliwa mwingine, nawe ukirudi unapewa kingine. Mwizi alikuwa ameshahama na simu aliyoiba, chumba kikabaki wazi, akapewa mjomba aliyeteremka mlimani alfajiri na matenga ya nyanya. Kijana alijua kuisoma namba. Kwamba haikai, hakujua.

Nilieleza? Nilieleza nini, na nani alikuwa anasikiliza! Mmoja alishaanza kuulizia petroli. Nikajitupa juu ya mjomba, na mpini uliokuwa unamfuata yeye ukaniangukia mimi mkononi. Mfupa ukalia. Nikainua macho nikamwona kamanda wa sungusungu, mzee mwenye ndevu nyeupe, amenyanyua rungu juu yetu.

"Shikamoo, babu!" nikamwambia.

Sikupanga. Ni mdomo tu, ulivyolelewa.

"Marahaba," akajibu, na rungu likabaki juu. Haikuwezekana tena. Hata yeye alijishangaa. Mtu aliyekuitikia marahaba hawezi kukupasua kichwa hapohapo, watu wakiwa wanamtazama. Akapuliza filimbi.

Nikawaambia wazime kile kitochi na kukiwasha. Wakawasha. Kijana akafungua ule ukurasa, akasoma. Kamanda akampokonya simu, akailinganisha na laptop tarakimu kwa tarakimu. Namba ilikuwa nyingine kabisa.

Nilidhani wataona aibu. Lakini watu wameshapandisha hasira, mipini wanayo mikononi, na aliyewadanganya yupo. Wakamgeukia kijana. Laptop ilikwenda chini kwanza, kisha meno yake. Nilifurahi. Sitasema uongo, kila alipolia nilihisi maumivu ya mkono yanapungua.

Mjomba ndiye aliyenishika gauni. Jicho moja lilikuwa limefunga na mdomo umejaa damu. "Mpwa wangu, kamtoe yule," akasema. "Naye ana mama."

Nikaenda, kwa hasira, nikimsukuma kila mtu, na kamanda akaja nyuma yangu na filimbi yake. Tulimtoa akiwa hai. Mimi na wagonjwa wangu wawili tulipakiwa kwenye gari moja la nyanya hadi hospitali ya mjini, kijana na mjomba wamelala bega kwa bega.

Mwizi alikamatwa Kisaki, amepanda pikipiki ileile. Mlali nzima ikapata habari. Mjomba alipoteza jicho, na akaacha kwenda gulioni, kwa sababu akipita bado watoto walikuwa wananong'ona na mama zao walikuwa wanavuta vikapu karibu.

Mwaka uliofuata nilichumbiwa. Kwetu Waluguru binti huozwa na mjomba wake. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Mshenga alikuja nyumbani Mwembesongo, akanywa chai, akasifu maandazi, kisha akauliza kwa adabu kubwa kama upande wetu hauna mjomba mwingine wa kusimama, ambaye hajawahi kuitiwa mwizi.

Mjomba alikuwa amekaa palepale, amemgeuzia upande wa jicho lililokufa. Mshenga alimjua kwa habari tu, hakuwa amemtambua.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia nikimwonyesha mjomba, kisha nikamfungulia mlango atoke.