Umaskini Wenye Pembe

Baba aliwauza maksai wetu wawili kule Mwingi, akarudi Kyuso na kofia mpya kama bwana harusi. Mwenye trekta alikuwa ameingia sokoni, anamaliza shamba zima asubuhi moja, na baba akasema ng'ombe wa kulima ni umaskini wenye pembe. Alisema hayo kanisani, wakati wa matangazo, mbele ya wanawake wa mwethya, wale majirani waliolimiana kwa zamu na ng'ombe wao. Akajitoa kwenye kikundi hapo hapo. Mama alimnong'oneza asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Akaambiwa anyamaze, yeye amezoea mavi ya ng'ombe.

Misimu michache tulikula vizuri, sikatai. Kisha dizeli ikapanda, ikapanda tena, na mwenye trekta akaacha kuja huku kwetu. Alisema vishamba vyetu havimlipi. Lakini mvua haina habari na dizeli. Ilinyesha siku mbili ikanyamaza, na huku kila mtu anajua: mbegu ya ndengu isipoingia ardhini udongo ukiwa na unyevu, basi, mtakula hewa.

Baba akaenda kwa mjane jirani, kiongozi wa mwethya, kuomba maksai wake. Nilikuwa naye. Alizunguka wee, mara mvua, mara watoto, mara Mungu. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mbegu.

"Mzee," akasema polepole, "huu umaskini wangu siazimishi mtu."

Tulirudi nyumbani. Baba akatoa plau ya maksai, akajifunga kamba yake kifuani, akaniamuru nishike mpini kwa nyuma. Mama alifuata akidondosha ndengu. Udongo wa huku si mchezo. Kila hatua baba alikohoa, kofia ikaanguka mtaroni, plau ikaifukia. Nilimwonea huruma na nilimchukia, yote kwa pamoja.

Majirani walikuja wakasimama nje ya ua wa miiba. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeingia. Mstari wa tatu baba akapiga magoti, akabaki pale anahema. Nikadhani mama anaenda kumfungua kamba. Aliweka mbegu chini, akachomoa fimbo kwenye ua, akaja akasimama kando yake, pale anaposimama mtu wa kuswaga maksai wakilima.

"Inuka," akamwambia. "Unyevu unaisha."

Baba akainuka.