Mama Aliyekwisha Kuagwa

Chumba cha mama yangu kiko mwisho wa korido, karibu na bafu, na sote nyumbani tunapita pale kwa kunyata. Hakuna aliyetuamuru. Mama hajalala humo hata siku moja, wala hajawahi kukanyaga nchi hii. Lakini kitanda kimetandikwa, kandambili ziko chini yake, na binti yangu mdogo, anayemjua bibi yake kwa simu tu, akipita pale anacheza hujiziba mdomo mwenyewe kwa kiganja. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilicheka. Baadaye niliingia bafuni, nikafungua maji yamwagike kwa nguvu, nikalia.

Nyumba yenyewe iko Cheektowaga, kando ya mji wa Buffalo huku Amerika, mahali ambapo ndege za Buffalo hupita juu ya paa zikishuka. Tulihama mtaa wa Kensington-Bailey kwa sababu moja: kule tulikaa ghorofani, na magoti ya mama hayataki ngazi. Nilimwambia mume wangu atafute nyumba ya chini. Akatafuta kila akitoka kazini, akiuliza kama bafu lina mahali pa kushikilia, akipima upana wa milango kwa mikono yake. Hilo simnyimi. Alitafuta kama anayemtafutia mama yake mzazi, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimweke wapi moyoni.

Nieleze kwanza jambo la kwetu. Kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, mwanamume hazungumzi ovyo na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kando na mwingine huinamisha kichwa. Siku ya arusi yangu mama alijifunika kitenge mpaka puani, na mume wangu aliangalia viatu vyake saa nzima. Kambini Tanzania, tulikokimbilia, ambako vibanda vimebanana na kila mtu anasikia mwenzake akikohoa, bado wawili hao walipishana kwa heshima hiyohiyo. Habari zao zilipitia kwangu. Mwambie mama hivi. Mwambie mukwe vile. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

Tulipopata safari ya Amerika, mama alibaki nyuma. Dada yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mama alikataa kumwacha afe mikononi mwa watu baki. Akasema atakuja baadaye. Tulimwamini yeye, na tuliiamini Amerika pia.

Tulifikia Louisville. Kwenye uwanja wa ndege tulipokewa na watu wa kanisa wenye maputo, na miongoni mwao bibi mmoja mzungu, mwalimu mstaafu, ambaye alitushika kama watoto wake. Ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko bila kuogopa. Ndiye aliyenipeleka kuomba kazi katika nyumba ya wazee, akaningoja ndani ya gari mpaka nilipotoka nimeajiriwa. Nilimpenda, nisiseme uongo. Nilimwita mama, naye alimwombea mama yangu kila Jumapili kwa jina lake lote, akilitamka vibaya kwa bidii.

Lakini bibi huyo alikuwa na maneno mengine. Siku moja, tukiwa jikoni kwangu, akipanga kabatini vyakula alivyotuletea, aliniambia kwamba maskini wa mji ule ni maskini kwa sababu wamezoeshwa kusaidiwa. Serikali iwaache tu, alisema, watainuka. Mkononi alikuwa ameshika mfuko wa mchele wa kunipa mimi bure. Nilidhani Kiingereza changu ndicho kilichokosea. Nilikaa miaka nikijifunza lugha ile, na nilipoijua vizuri nikakuta nilikuwa nimemsikia sawasawa.

Kutoka Louisville tulikwenda Columbus, maana ndugu zetu walituambia kule maghala yanalipa. Tulipanga Northland, nyuma ya barabara ya Morse, karibu na maduka ya unga wa muhogo na samaki wakavu. Asubuhi basi lilijaa sisi tu: Wakongo, Wasomali, Wanepali, na Waamerika weusi waliochoka kuliko sisi sote, maana wao wamengoja zaidi. Ghalani bosi alitukusanya akatuambia sisi ni familia moja na mji, na kwamba mji umeisamehe kampuni kodi kwa miaka mingi ili sisi tupate kazi. Alitaka tupige makofi. Tukapiga. Kodi yetu sisi ilikuwa imekatwa kabla mshahara haujatugusa mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na siasa, na ulimi wangu haujapumzika tangu siku hiyo. Tajiri akisaidiwa, hapa wanaita uchumi. Mama mwenye watoto akisaidiwa maziwa, wanaita uvivu, na wanamtuma mtu kwenye televisheni kulieleza hilo kwa uso wa huruma. Kodi ya nyumba ikipanda wanasema ni soko, nami nilitoka sokoni, nalijua soko: sokoni bei ikinishinda naondoka na kikapu changu. Nyumba ikinishinda naondoka kwenda wapi? Nilisema haya kwa sauti ndani ya basi, kwa Kiswahili, na mume wangu alikuwa akinibana kiwiko ninyamaze. Yeye ni mtu wa kimya. Nilidhani kimya chake kinakubaliana nami.

Kodi ya nyumba ilipotushinda tulikuja Buffalo. Huku theluji inafukia magari, lakini nyumba zilikuwa bado zinashikika, na kulikuwa na kanisa letu, la watu wa kwetu, linaloabudu kwa Kiswahili na kumaliza saa linayoitaka lenyewe. Mume wangu akafanywa mzee wa kanisa. Tukaapa kuwa raia. Uchaguzi ulipofika tulivaa nguo za ibada, mimi kitenge na yeye koti, tukaenda kupiga kura kwenye ukumbi wa shule. Vijana wa pale walitutazama wakatabasamu. Kwetu watu wamekufa kwa ajili ya sanduku la kura, kwa hiyo mtu haendi amevaa ndala. Tulipiga kila mtu yake, tukatoka tumeshikana mikono, na sikumuuliza. Ungemuuliza nini mtu aliyelala pembeni yako miaka yote hiyo?

Wakati huo dada yake mama alikwisha kufariki, na faili ya mama ilikuwa imepita mahojiano yote. Baada ya Krismasi wakampa siku ya ndege.

Sasa kuna desturi ya kambini ambayo mtu asiyekaa kule hawezi kuijua. Anayesafiri hauzi vitu vyake, anavigawa. Anagawa godoro, sufuria, jembe, ndoo, mpaka kufuli la mlango. Asibakize kitu, maana wanasema kilichobaki humvuta mtu nyuma njiani. Kisha kanisa linakuja uani, linaimba, kila mtu anamshika mkono, na wanalia kama wanavyolia msibani, kwa sababu wanajua hawataonana tena. Mama aligawa kila kitu. Kibanda alimpa jirani mjane mwenye watoto. Aliniambia kwa simu kwamba amebaki na mfuko mmoja na Biblia, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo tangu nikiwa msichana. Nami sikumwambia abakize hata sufuria. Nilifurahi naye.

Alifikishwa kituo cha wasafiri. Akalala pale akisubiri basi la uwanja wa ndege. Huku Amerika serikali ikabadilika, na moja ya mambo ya kwanza waliyofanya ilikuwa kufunga mlango kwa wakimbizi, hata wale wenye tiketi. Basi lilikuja, lakini lilikuja kuwarudisha kambini.

Mama alishushwa mbele ya watu waliokwisha kumlilia. Aliniambia watoto walimkimbia. Watu wazima walimsalimia wakiwa mbali, kwa mkono uliochelewa kunyooka, maana aliyeagwa vile hajawahi kuonekana akirudi. Mjane alimkaribisha kwenye kibanda alichopewa, na mama akalala kwenye kona ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Akitaka kupika, anaomba sufuria aliyoitoa. Anaomba kwa upole, na anairudisha imesuguliwa. Kule hayupo, maana alikwisha kuagwa. Huku hayupo, maana hakufika. Usiku na mchana nilikuwa namwona akiwa hana mahali, na nilipopita kwenye chumba kile nilijikuta nabisha hodi.

Nikampigia bibi wa Louisville. Nani mwingine ningempigia? Alilia, alilia kweli, akaniombea palepale kwenye simu kwa muda mrefu. Kisha akasema ataniambia ukweli kama Mkristo: alimpigia kura rais huyo aliyefunga mlango. Alifanya hivyo kwa ajili ya watoto walio tumboni, na kwa ajili ya bei za vitu. Lakini hawakumaanisha mama yangu, alisema. Walimaanisha watu wabaya.

Nilimwuliza, basi mama wa nani? Akaanza tena kuomba.

Jioni ile mezani niliwaka. Nilisema watu hawa wana moyo wa ajabu: wanakununulia koti la baridi, halafu wanamfungia nje aliyekuzaa. Wanamlilia mtoto ambaye hajazaliwa, na aliyezaliwa wakimkuta dukani na kadi ya chakula ya serikali wanachungulia kapu lake. Nilisema unafiki wao unanuka mpaka mbinguni. Watoto waliinuka mmoja mmoja na sahani zao, wakanijibu kwa Kiingereza chao kwamba wameshiba. Mume wangu alibaki anaviringa tonge la ugali asilolila.

"Bon, basi," akasema, "usimuhukumu ule mama ya Louisville peke yake."

"Kwa nini?"

"Maana hata mimi nilichagua uyo."

Nilimwuliza alichagua nani, ilhali nilikuwa nimesikia.

"Donc, pasta alisema tufikirie watoto benye habajazaliwa. Na bo balisema batafukuza batu babaya tu. Mama yako haiko mutu mubaya. Mingejua namna gani?"

Maneno yaleyale ya Louisville, kwa Kiswahili cha kwetu, kutoka kinywa nilichokipikia. Nilitaka kumpiga na sahani. Nilimtazama mikono, ileile iliyopima milango, nikashindwa hata kuinuka. Hasira niliyokuwa nimewawekea wazungu ilikosa pa kwenda. Tangu hapo maneno yetu yalikuwa ya kuombana chumvi na funguo za gari tu. Kanisani aliendelea kukaa mbele, mimi nikahamia kiti cha nyuma, na pasta, ambaye pia ana mdogo wake aliyerudishwa na basi lile, hakutuhubiria tena siasa. Alihubiri uvumilivu. Niliogopa sana majuma yale. Niliogopa mama atafia kwenye kona ya watu, na kwamba siku hiyo nitamchukia baba wa watoto wangu na sitaweza kuacha.

Kisha Jumapili moja asubuhi, kabla ya ibada, nilimpigia mama kwa simu ya picha. Alikuwa amekaa nje ya kibanda. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu aliponiona, akaniuliza hali ya watoto. Mume wangu alikuwa nyuma yangu anafunga tai. Mama alimwona kidogo kwenye kioo cha simu, akavuta kitenge usoni, kama anavyopaswa.

"Mwambie mukwe wangu asichoke," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Minajua anapigana sana juu yangu. Mwambie aksanti."

Ilikuwa zamu yangu kupeleka ujumbe. Nilifungua mdomo, na mdomo ukakataa. Yeye alikwisha kusikia, alikuwa hatua moja nyuma yangu. Mama akauliza kama simu imekatika.

Mume wangu akanyoosha mkono, akaichukua simu mkononi mwangu. Hajawahi kufanya hivyo. Tai ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Alisema, "Mama, ni mimi," kwa sauti ya mtoto, na kule kitenge kikapanda zaidi kikafunika hata macho. Akakiambia kile kitenge kila kitu. Alisema alichagua serikali iliyofunga njia, kwamba hakujua, halafu akajisahihisha, akasema aliwasikia wakisema watafunga na akadhani itawapata wengine. Hakumtaja pasta. Hakuomba msamaha pia, nadhani hakuona jinsi ya kuomba kwa mama mkwe.

Kwa mama zilisikika sauti za kuku na za mtu anayepasua kuni. Nilijuta kumwacha aichukue simu. Kisha mkono wa mama ukashuka, na kitenge nacho, na kwa mara ya kwanza tangu arusi yangu alimtazama mume wangu usoni, bila ukali, kama mtu anayetafuta kumkumbuka mtu.

"Batu ya huku banaulizaka kila siku ni nani alinirudisha," akasema. "Nilikuwa najibu sijui."